Bahari Kulia, Barafu Kushoto

Wengi wetu tumezoea kudhani kwamba barafu ni mali ya vilele, na kwamba mtu atakaye kuiona hana budi kupanda siku kadhaa matopeni, kama wafanyavyo waendao Ruwenzori. Katika pwani ya magharibi ya Kisiwa cha Kusini huko New Zealand, mambo ni kinyume. Barafu ndiyo iliyoshuka kuwafuata watu. Milima yenyewe imesimama karibu mno na bahari, na upepo utokao baharini hugonga kifua chake ukamwaga mvua bondeni na theluji kileleni. Theluji hiyo hurundikana, hugandamana, kisha huteremka polepole kama mto hadi penye misitu ya mvua na mikangaga iliyo mirefu kuliko mtu.

Njia ya kufika huko ni Barabara Kuu Namba 6. Msafiri akiwa anaelekea kusini, bahari huwa kulia na milima kushoto. Magari hufuata mkono wa kushoto, kama yafanyavyo Uganda, Kenya na Tanzania, lakini ndugu zetu wa usalama barabarani wangevutiwa zaidi na madaraja. Mengi hupitisha gari moja tu kwa wakati. Hapana askari wala taa. Kuna kibao chenye mishale miwili, na yule aliyeelekezewa mshale mdogo mwekundu husimama akasubiri mwenzake apite. Daraja la Haast, lenye urefu wa mita 732, ni la namna hiyo hiyo.

Kutoka Hokitika, mji uliozuka kwa homa ya dhahabu katika miaka ya 1864 na 1865, hadi kijiji cha Franz Josef ni mwendo wa kilomita 135 hivi. Njiani kuna Ziwa Ianthe na Ziwa Mapourika, yote mawili yakiwa kando kabisa ya barabara. Karibu na Whataroa ndipo mahali pekee nchini humo ambapo yangeyange wakubwa weupe, waitwao kotuku na Wamaori, hujenga viota vyao. Mtu apendaye ndege na apumzike hapo.

Kijijini Franz Josef barabara huvuka mto Waiho, na hapa askari yeyote atapunguza mwendo. Mto huu hubeba mawe na changarawe kutoka milimani, ukayatandaza katika sakafu yake mwenyewe, hata sakafu hiyo inazidi kupanda na kingo kulazimika kuinuliwa. Tarehe 26 Machi 1977 haikumbukwi na mtu; lakini tarehe 26 Machi 2019 inakumbukwa na kila mwenyeji. Siku hiyo mvua kubwa ilijaza mto, maji yakaling'oa daraja na kuondoka nalo. Kwa kuwa hapana barabara nyingine katika pwani hiyo, kijiji cha Fox Glacier, kilicho umbali wa kilomita 23 tu, kikawa hakifikiki kwa gari ila kwa kuizunguka milima mamia ya kilomita.

Daraja lililochukuliwa lilikuwa la Bailey, na la Bailey ndilo lililorudishwa. Wahandisi wa Jeshi la New Zealand walishirikiana na mafundi wa kiraia, na kabla ya Aprili kufika katikati magari yalikuwa yakipita tena. Chombo hiki kilibuniwa na Mwingereza Donald Bailey wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kipande chake kimoja kina urefu wa futi 10 na uzito wa kilo 260 hivi, nacho huchukuliwa na watu sita bila winchi. Wazee wetu walikijua. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipoikamata Kalewa huko Burma, mwezi Desemba 1944, ni daraja la Bailey la kuelea, lenye urefu wa futi 1,154, lililotandazwa juu ya mto Chindwin ili jeshi livuke.

Juu ya bonde la Waiho ndiko uliko mto wa barafu. Mjerumani Julius von Haast aliuita Franz Josef mwaka 1865, kwa heshima ya mfalme wa Austria. Wamaori walikwisha kuuita Kā Roimata o Hine Hukatere, yaani machozi ya Hine Hukatere, msichana aliyempoteza mpenzi wake milimani, na machozi yake yakaganda. Naona jina la pili linafaa zaidi. Barafu hii huenda kwa kasi isiyo ya kawaida: ndege iliyoanguka juu yake mwaka 1943 ilitokeza mabaki yake kwenye ncha ya chini baada ya miaka sita na nusu.

Walakini kwa sasa inarudi nyuma. Baada ya mwaka 1983 ilisonga mbele kwa vipindi. Tangu mwaka 2008 imekimbia milimani kwa haraka, na mwaka 2012 matembezi ya kuipanda kwa miguu kutoka bondeni yalikomeshwa kwa ajili ya hatari. Wageni hupelekwa juu kwa helikopta. Ruwenzori nako, barafu iliyokadiriwa kuwa kilomita za mraba 6.5 mwaka 1906 ilikuwa imebaki moja hivi ilipopimwa mwaka 2003.

Karibu na kijiji cha Fox Glacier liko Ziwa Matheson, nalo ndilo tembezi bora kuliko yote. Njia yake ni rahisi, kilomita 4 na kitu, na huzunguka ziwa zima ndani ya msitu. Maji yake ni ya rangi ya chai ya rangi, kwa sababu ya majani yaozayo, na weusi huo ndio uyafanyao kuwa kioo. Alfajiri kabla ya upepo, mlima Aoraki wenye mita 3,724 huonekana mara mbili, kichwa juu na kichwa chini. Atakayelala hadi saa tatu asubuhi mara nyingi hukuta mawingu.

Kutoka Fox hadi Haast ni kilomita 120, na yafaa petroli ijazwe kabla. Kipande hiki kilichelewa sana. Kazi ya kuvuka Kipito cha Haast ilianza mwaka 1929, ikasimamishwa na vita, ikafika Haast mwaka 1960. Barabara ya pwani iliunganishwa mwaka 1965 katika Knights Point, ambapo sasa watu husimama kutazama mawimbi. Mbele kidogo, Ship Creek, kuna njia ya mbao juu ya kinamasi chenye miti ya kahikatea, na mbu wadogo weusi wa pwani wanaouma kuliko wote niwajuao kwa sifa. Haast ikipitwa, barabara huiacha bahari, hupanda hadi mita 560 na kidogo, kisha huteremka kwenye Ziwa Wanaka, ambako mvua ni haba na majani ya vilima ni makavu na ya manjano.