Mama Mjamzito Anapougua Tumbo: Upasuaji na Mafundisho ya Kanisa



Hapa Puge na katika vijiji vya jirani, mama mjamzito anayeugua tumbo mara nyingi huambiwa avumilie, eti hilo ni chango tu. Wengine huogopa hospitali wakidhani kwamba upasuaji lazima utamwua mtoto, au kwamba Kanisa limeukataza. Mawazo hayo yanahitaji kusahihishwa, kwa kuwa yanagharimu uhai.

Kidole tumbo chaweza kuvimba wakati wa ujauzito kama wakati mwingine wowote. Kukitambua ni kazi ngumu: kutapika ni jambo la kawaida katika mimba changa, chembe nyeupe za damu huongezeka zenyewe, na mji wa mimba unapokua huweza kukisukuma kidole tumbo juu, hata maumivu yakasikika mahali pasipotarajiwa. Ndiyo maana daktari huanza na ultrasaundi, kipimo kisichotumia mionzi.

Kidole tumbo kikipasuka, usaha huenea tumboni na hatari ya kumpoteza mtoto huongezeka sana. Hivyo kuchelewa kunatisha kuliko kisu chenyewe. Upasuaji unaoweza kusubiri hupangwa mara nyingi katika miezi ya kati ya mimba. Wa dharura haungojei mwezi wowote.

Katika mimba changa kuna hatari nyingine: mimba kutunga nje ya mji wa mimba. Mrija ukipasuka, damu humwagika ndani ya tumbo, na mama aweza kufa kwa muda mfupi asipopasuliwa.

Kanisa linafundishaje? Mwezi Novemba 1951, Papa Pius wa XII alieleza kwamba upasuaji wa lazima wa kuokoa uhai wa mama ni halali, hata kama kifo cha mtoto, kisichokusudiwa wala kutakwa, hakiepukiki. Kumwua mtoto moja kwa moja ndiko kunakokatazwa daima.

Mtakatifu Gianna Beretta Molla, daktari wa Italia, alipasuliwa mwaka 1961 akiwa na mimba changa. Aliomba uvimbe uondolewe na mtoto aachwe salama. Mimba iliendelea, na binti yake akazaliwa Aprili 1962. Gianna alifariki wiki moja baadaye kwa maambukizi yaliyofuata uzazi.

Basi, mama akiwa na maumivu makali yasiyokoma, homa, kutapika mfululizo, kutokwa damu, kuzimia, au mtoto akiacha kucheza, apelekwe kituo cha afya mara moja, na ikibidi Ndala, Nzega au Kitete. Asikandwe tumbo wala kunyweshwa dawa za mizizi. Familia isingoje baba arudi kutoka mnadani ndipo iamue. Akina baba, tuwekeni mapema nauli na ruhusa.

Bikira Maria, Afya ya Wagonjwa, atuombee.