Si Kijicho cha Jirani, Ni Vidukari



Msimu uliopita, siku chache kabla ya Misa ya kubariki mbegu, mama mmoja wa upande wa Butiama alifika ofisini kwetu parokiani. Mkononi alikuwa na kikapu kidogo cha karanga.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nimeleta mbegu, lakini moyo wangu ni mzito. Mwaka jana karanga zangu ziligeuka manjano, zikadumaa, nikang'oa mashina matupu. Za jirani yangu zilistawi, na mpaka wetu ni mkonge tu. Ugonjwa gani huo wenye kujua mpaka?"

Nikafahamu kwa nini hakuonekana tena katika jumuiya yake ndogo ndogo, ambayo husali nyumbani kwa jirani huyo huyo. Karanga zilikuwa ada ya shule na sabuni ya nyumba yake. Baada ya kuzikosa, alikuwa karibu kumkosa na jirani.

Nilimwomba anieleze vizuri jinsi alivyolima, kisha tukaenda pamoja kwa Bwana Shamba wa kata. Mambo tuliyofundishwa siku ile yafaa kujulikana na kila nyumba, Musoma, Bunda na Butiama, kokote karanga zinakolimwa.

Ugonjwa wenyewe

Huitwa rozeti, wengine husema ukoma wa karanga. Majani huwa madogo, hujikunja na kusongamana, mara nyingi hugeuka manjano, na shina hudumaa. Ukiingia kabla mmea haujatoa maua, mkulima aweza kukosa mavuno kabisa.

Si ugonjwa mgeni. Mtaalamu Mjerumani Zimmermann aliandika habari zake katika nchi yetu mwaka 1907. Mwaka 1928 wataalamu Storey na Bottomley, kule Afrika Kusini, walieleza kuwa huenezwa na vidukari, wale wadudu wadogo wanaojibanza chini ya majani na kufyonza maji ya mmea. Kidukari akifyonza mmea mgonjwa, huchukua virusi, akavipeleka kwenye mmea mzima. Ugonjwa huu haukai katika udongo, wala hauchukuliwi na mbegu.

Basi, kwa nini shamba moja lipone na la pili liangamie? Bwana Shamba alimwuliza mama, "Mwenzako alipanda lini?" Mama akajibu kuwa jirani alipanda mvua za kwanza, mistari ikisongamana. Yeye alisubiri ng'ombe wa kukodi wa kulimia, akapanda majuma matatu baadaye, tena mbali mbali ili mbegu chache zitoshe eneo lote.

"Hapo ndipo penye jibu," akasema Bwana Shamba. Vidukari wenye mabawa huvutwa na mimea michache iliyosimama juu ya udongo mtupu. Karanga zikifunika ardhi mapema, hawatui kwa wingi. Tena vidukari huongezeka kadiri msimu unavyoendelea, kwa hiyo karanga zilizochelewa hushambuliwa zingali changa.

Mama alinyamaza kitambo, kisha akasema taratibu, "Kumbe nimemchukia mtu bure."

Kazi ya watafiti

Wapo wanaodhani utafiti ni mchezo wa wasomi. Na wakumbuke mradi mkubwa wa karanga ambao Waingereza waliuanza Kongwa mwaka 1947. Walitaka kulima ekari zaidi ya milioni tatu, wakaleta matrekta mengi, lakini hawakuipima vizuri ardhi wala mvua. Udongo ulikuwa mgumu kama saruji wakati wa kiangazi. Mwaka 1951 mradi uliachwa, na hasara ilikuwa paundi zipatazo milioni 36. Fedha na matrekta havikuweza kushika nafasi ya majaribio.

Njia ya pili ilikuwa ya polepole. Mwaka 1952 watafiti waliona kuwa karanga fulani za asili huko Afrika Magharibi, mpakani mwa nchi ziitwazo leo Burkina Faso na Côte d'Ivoire, husimama imara rozeti ikipita. Zilikuwa mbegu za wakulima kama sisi. Kasoro yake ni kwamba zilichelewa kukomaa. Ilibidi kuzichanganya na nyingine, kuchagua, kupanda tena na kuchagua tena, miaka mingi. Kwa kazi ya namna hiyo jirani zetu wa Uganda, katika kituo cha Serere, wamepata karanga za jamii ya Serenut, na nyingi kati yake hustahimili rozeti.

Kwetu, kazi ya karanga inaongozwa na kituo cha Naliendele, Mtwara. Mwaka 1998 kilitoa mbegu ya Pendo, inayokomaa upesi, na mwaka 2009 kikatoa nyingine, zikiwemo Mnanje na Mangaka. Si kila mbegu mpya hustahimili rozeti. Kabla ya kununua, mwulize Bwana Shamba ni ipi inayofaa kwenu.

Lakini mbegu hizi hazifiki upesi vijijini. Kilo moja ya mbegu ya mahindi yaweza kuzaa karibu kilo mia. Ya karanga huzaa kama kilo kumi tu. Kwa hiyo wafanyabiashara hawaikimbilii. Hata hivyo karanga hujichavusha yenyewe, na mkulima aweza kuhifadhi mbegu yake kwa misimu kadhaa bila kupoteza sifa zake. Kwa nini basi jumuiya, au akina mama wa WAWATA, wasinunue kilo chache pamoja, wakapanda shamba moja la mbegu na kugawana?

Mambo ya kushika

Panda mvua za kwanza. Acha sentimeta 50 kati ya mistari na 10 kati ya mashina, kwa karanga zinazosimama wima. Mbegu zikiwa chache, punguza eneo, usipunguze mashina. Ng'oa karanga za maotea kabla ya kupanda, maana virusi hujificha humo. Usikate tamaa na jamii ya kunde: mizizi yake hurutubisha udongo, na mtama utakaofuata utafaidika.

Siku ya Misa yule mama alikuja na kikapu chake. Pembeni yake alikuwa jirani yake, naye ana kikapu. Mwaka huu jirani alimtanguliza kwa ng'ombe wake, na wote wawili walipanda katika juma moja.

Tuombe baraka ya Mungu juu ya mbegu zetu. Na tukiona jani limegeuka manjano, tulipindue kwanza tutazame chini yake, kabla ya kumtazama jirani kwa jicho baya.