Usimuuzie mnunuzi wa vyuma singe ya babu

JE, msomaji, umewahi kufungua sanduku la marehemu babu ukakuta, chini ya koti la zamani na barua zilizoliwa na mende, kisu kirefu chenye pete ya chuma pale mpini unapokutana na bapa? Hicho si kisu cha kuchinjia, ingawa katika boma nyingi kimeifanya kazi hiyo kwa miaka. Hiyo ni singe, na ile pete ndiyo huvishwa mbele ya bunduki ili askari apate mkuki pale risasi zinapomwishia.

Zilifikaje huku kwetu? Wajerumani waliteka Taveta mnamo Agosti 1914, na tarehe 12 Februari 1916 majeshi ya Waingereza yakapigwa vibaya kwenye kilima cha Salaita. Vita hivyo viliendelea hadi Novemba 1918. Baadaye, katika Vita Vikuu vya Pili, askari wa King's African Rifles, ile KAR ya wazee wetu, walipelekwa Uhabeshi, Madagaska na Burma. Waliorudi walirudi na medali, mablanketi, na baadhi yao na vitu ambavyo hawakupenda kuulizwa walivipataje.

Ukiishika mkononi, ianze kuisoma karibu na mpini. Singe ya Kiingereza inayojulikana zaidi ina bapa la sentimita 43 na mpini wa mbao uliokazwa kwa skrubu mbili. Upande mmoja wa bapa utaona taji, herufi za mfalme, na tarakimu 1907. Hapo ndipo wengi hukosea. Watakuapia kwamba singe yao ilitengenezwa 1907, kumbe huo ni mwaka wa mtindo tu. Tarehe ya kutengenezwa iko chini yake, mwezi kwanza kisha mwaka: 2 na 17 ni Februari 1917. Jina la mtengenezaji liko papo hapo, labda Wilkinson, Sanderson au Chapman. Ukikuta Lithgow, hiyo ilitoka Australia. Herufi RFI ni za kiwanda cha Ishapore, India. Upande wa pili kuna mshale mdogo, alama ya mali ya serikali ya Uingereza, na X inayoonyesha kwamba bapa lilipindwa kupimwa uimara likarudi lilivyokuwa.

Zile za kwanza za mtindo huo zilikuwa na ndoana kwenye kikingio cha mkono. Ndoana iliondolewa mwaka wa 1913, na kwa kuwa ilikatwa kwenye singe nyingi zilizokuwa tayari mikononi mwa askari, zilizobaki nazo ni adimu na bei yake ni kali. Walaghai wanalijua hilo. Wanachukua singe ya kawaida na kuichomea ndoana. Kwa hiyo, ukiuziwa singe yenye ndoana huku tarehe yake ni 1917, mrudishie mwenyewe akampelekee mwingine.

Ya Kijerumani nayo hutambulikana kwa mgongo wa bapa. Tazama pale mgongoni karibu na mpini: taji, herufi W ya Wilhelm, na tarakimu mbili za mwaka, mathalani 15. Mji wa Solingen au Suhl mara nyingi umeandikwa kando. Kumbuka pia kwamba askari wengi wa Wajerumani huku walianza vita wakiwa na bunduki kuukuu za mtindo wa 1871, zilizotoa moshi kama jiko la kuni, na singe ya mtindo huo ina mpini wa shaba.

Kuna nyingine ambayo watu huitupa wakidhani ni msumari mkubwa. Haina makali, ni mchokoo tu wa sentimita 20, wa bunduki za Kiingereza za Vita Vikuu vya Pili. Nyingi za mwanzo zilitengenezwa Scotland na kampuni ya Singer, ndiyo hiyo hiyo ya cherehani ya mama!

Ala isikupite. Wengi huthamini kisu na kuacha ala ichezewe na watoto, ilhali singe bila ala hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake. Ala ya ile ya 1907 ni ya ngozi, na mdomo na ncha yake ni chuma. Ya mchokoo ni bomba la chuma. Kwa zile fupi za Kijerumani za Vita Vikuu vya Pili, linganisha nambari iliyo kwenye bapa na ile ya ala. Zikipatana, una bahati: vitu hivyo viwili havijaachana tangu jeshini.

Nilionyeshwa moja ambayo mjukuu aliipeleka kwa fundi wa juakali "isafishwe". Ilirudi iking'aa kama kijiko cha harusi. Taji, tarehe, jina la kiwanda, vyote vilikuwa vimeliwa na mashine, na mzee aliyeibeba alikwisha kuzikwa, hivyo hakuna wa kuulizwa. Usitumie msasa wala tindikali. Kitambaa laini na mafuta mepesi ya cherehani vinatosha. Doa jeusi la uzee liache. Usiihifadhi ndani ya ala ya ngozi, kwani ngozi hushika unyevu na kuleta kutu. Ziweke kando kwa kando mahali pakavu.

Usiende Salaita na jembe kutafuta zaidi. Uwanja wa vita huwa na makombora ambayo hayajalipuka, na mambo ya kale yana sheria yake ya mwaka wa 2006. Waulize watu wa Makumbusho ya Taifa kwanza. Wala usiipande nayo matatu ikiwa mkononi. Polisi hataona historia, ataona silaha.

Kabla hujamaliza, chukua kipande cha karatasi. Andika singe ilikuwa ya nani, alihudumu kikosi gani, alirudi mwaka gani, na nani aliyekusimulia. Ifunge kwenye ala kwa uzi. Kama nyanya bado yu hai, muulize leo jioni.