Hariri, Tarizi na Dibaji: Urithi wa Wafumaji wa Kiislamu

Ndugu msomaji, Kiswahili kimehifadhi historia ambayo wengi wetu hatuitambui. Tunataja hariri, tunatarizi kanzu, na kila afunguaye kitabu hukutana na dibaji. Maneno hayo yametujia kutoka Kiarabu, na yote yana uhusiano na nguo. Tirazi lilikuwa pambo la maandishi katika vazi, kisha likawa jina la karakana lilimotengenezwa. Dibaji ilikuwa hariri yenye nakshi kabla ya kuwa maneno yanayopamba mwanzo wa kitabu.

Karakana za makhalifa

Zama za Bani Umayya na Bani Abbas, watawala walikuwa na karakana zao za nguo. Jina la Khalifa kuandikwa katika vazi lilikuwa alama ya mamlaka, kama lilivyotajwa katika khutba na kuchapwa katika sarafu. Huko London vimehifadhiwa vipande vya hariri vilivyotariziwa jina la Khalifa Marwan, pamoja na jina la karakana ya Ifriqiya, yaani Tunisia na jirani zake. Paris ipo hariri ya Khurasan yenye tembo na ngamia, na dua ya kumwombea jemadari Abu Mansur Bakhtakin, aliyeuawa mwaka 961.

Kazi hiyo ilihitaji subira. Mfumaji alipitisha mshindio katikati ya mtande, huku msaidizi wake akivuta nyuzi kwa mpangilio ili nakshi itokee. Uzi mmoja ukikosewa, ua huharibika.

Sharia na ufundi

Qur'ani Tukufu inataja hariri kuwa vazi la watu wa Peponi. Hapa duniani, Mtume (S.A.W.) aliwaharamishia wanaume na kuwahalalishia wanawake. Anas (R.A.) alimwona Umm Kulthum, binti wa Mtume, amevaa joho la hariri yenye mistari. Kwa wanaume, Sayyidna Umar (R.A.) amepokea ruhusa ya pambo lisilozidi upana wa vidole vinne, na Zubeir na Abdulrahman bin Auf (R.A.) waliruhusiwa kuivaa kwa sababu ya muwasho.

Je, katazo hili liliua ufundi? La hasha! Wafumaji walitengeneza mulham, nguo ya mtande wa hariri na mshindio wa pamba. Mafakihi nao wakajadili kiasi cha hariri kinachoruhusiwa katika nguo ya mchanganyiko.

Pwani yetu

Ustaarabu huo ulifika kwetu pia. Mwaka 1331 Ibn Battuta alimkuta Sultani wa Mogadishu akitembea chini ya vivuli vinne vya hariri ya rangi, juu ya kila kimoja pana ndege wa dhahabu. Aliandika pia kwamba nguo zilizofumwa mjini humo zilipelekwa hadi Misri. Baadaye kisiwa cha Pate kikasifika kwa wafumaji wake wa hariri; mtawa wa Kireno João dos Santos aliwataja katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1609. Babu zetu, basi, hawakuwa wanunuzi tu wa nguo za wageni.

Funzo kwa wazazi

Elimu hii ina faida hata kwa mzazi wa Kisiba anayekwenda Tukuyu mjini kumtafutia kijana wake kanzu ya harusi. Asiogope kila kinachong'aa, wala asinunue kwa upofu. Nguo nyingi ziitwazo hariri madukani ni za nyuzi za viwandani, na katazo linahusu hariri itokanayo na kiwavi. Basi amuulize muuzaji nguo imetengenezwa kwa nini, na akiwa na shaka amuulize mwanachuoni. Ama tarizi ya shingoni, na aivae kijana kwa furaha, akijua kwamba jina lake lilianzia katika karakana za makhalifa.

Wallahu a'lam.