Aliyemfundisha Kazi Anapokea Kidogo

Kwenye maduka ya Kariakoo, Dar es Salaam, kijana mgeni hafundishwi kazi na tajiri mwenye duka. Anafundishwa na mkongwe, yule anayejua mzigo gani uko stoo ipi, mteja yupi wa Mbeya au Lubumbashi huchukua kwa jumla, bei ya mwisho isiyoandikwa popote ni ipi, na winga yupi, yaani dalali wa mtaani, ni wa kuaminiwa akileta mtu. Wiki chache zinatosha. Mwisho wa mwezi wanakaa kula pamoja pembeni mwa Mtaa wa Kongo, mgeni anataja anacholipwa, na mkongwe anagundua kwamba amepitwa na mwanafunzi wake.

Mara nyingi hakuna aliyepanga iwe hivyo. Mgeni ameingia na bei ya siku aliyoajiriwa. Kabla ya kukubali kazi alihesabu kodi ya chumba na nauli ya daladala, akataja kiasi, na tajiri aliyekuwa na shida ya mtu akakubali. Pengine kijana huyo alitolewa duka la jirani, na hakuna anayehama kwa mshahara uleule. Mkongwe naye alitaja bei yake miaka mingi iliyopita, na tangu hapo kila nyongeza imekuwa ni ya kuomba. Anayeomba akiwa tayari kazini husikika kama mlalamikaji. Anayeomba akiwa mlangoni husikika kama mtu anayejua thamani yake.

Hata kima cha chini cha mshahara, ambacho ni kinga ya lazima kwa mfanyakazi mnyonge, kinaweza kuchangia hali hiyo. Amri ya mishahara ya mwaka 2013 iliweka Sh115,000 kwa mwezi kwa sekta ya biashara na viwanda. Kiwango hicho kilikaa mpaka amri iliyoanza kutumika Januari 1, 2023, kilipofika Sh150,000. Tuchukue mfano wa muuzaji aliyeanza mwaka 2014 kwa Sh115,000, na tajiri mwema anayemwongeza Sh5,000 kila Januari. Kufikia Januari 2023 angekuwa na Sh160,000. Mwezi huohuo, kijana asiyejua hata choo kiko wapi anaanza na Sh150,000 kwa nguvu ya sheria. Miaka tisa ya kazi imebaki na thamani ya Sh10,000. Na kama tajiri aliruka nyongeza za miaka mitatu, mkongwe angekuwa na Sh145,000, ambazo zingepandishwa hadi 150,000, na wote wawili wangelingana. Amri huinua sakafu. Waliosimama juu kidogo ya sakafu hiyo wanaachiwa huruma ya mwajiri. Sasa sakafu imeinuliwa tena: tangu Januari 2026 wastani wa kima cha chini kwa sekta binafsi umetoka Sh275,060 kwenda Sh358,322.

Wapo wanaolipwa posho ya siku na hela ya kula tu, bila karatasi yoyote, na kwao hata hesabu hii haina pa kuanzia.

Serikalini kuna ngazi, na ndiyo maana kilichotokea huko kinafundisha zaidi. Mwalimu wa shule ya msingi kando ya Mtaa wa Uhuru ana daraja la mshahara linaloandikwa TGTS, na ndani ya kila daraja kuna hatua. Kila mwaka anapanda hatua moja, nyongeza ndogo lakini ya uhakika, na baada ya miaka kadhaa anapanda daraja. Ukongwe una bei iliyoandikwa. Katikati ya 2016 ngazi hiyo ilisimamishwa ili kupisha uhakiki wa watumishi hewa na wa vyeti, ule ambao Aprili 2017 ulitoa orodha ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Kuwasaka waliodanganya lilikuwa jambo la haki. Lakini waliosimama kwenye foleni hawakuwa wao peke yao. Waliokuwa wamefikia zamu ya kupanda daraja walisubiri, na waliokuja nyuma yao wakawafikia. Upandishaji uliporudi, walijikuta daraja moja na watu ambao wao ndio waliowapokea kazini siku ya kwanza. Ndipo watumishi wakazoea kusikia neno mserereko, yaani kupandishwa kwa haraka ili kumrudisha aliyecheleweshwa mahali alipostahili kuwa.

Julai 2022 kima cha chini serikalini kilipanda kwa asilimia 23.3, kutoka Sh300,000 hadi Sh370,000. Wengi waliifungua hati ya mshahara wakitarajia asilimia hiyohiyo, wakakuta nyongeza ya maelfu machache. Asilimia ile ilikuwa ya wa chini kabisa, na kadiri mtu alivyopanda ndivyo ilivyopungua. Manung'uniko yalikuwa makubwa, na yalikuwa na msingi. Kumwinua wa chini ni sahihi kabisa. Lakini ukisogeza kipandio cha chini bila kusogeza vya juu kwa kiasi cha kutosha, ngazi inakuwa fupi. Nyongeza za mwaka zilirejeshwa kwa tangazo la Rais Samia Suluhu Hassan siku ya Mei Mosi 2023, Morogoro. Mei Mosi 2025, Singida, alitangaza kima kingine, Sh500,000, na swali la mwenye miaka kumi kazini likawa lilelile: mimi nimesogea kiasi gani?

Nchini China hali ya mgeni kumpita mkongwe kwa mshahara ina jina lake, mishahara iliyogeuzwa kichwa chini, na hutajwa sana kwenye kampuni za teknolojia, ambako mhitimu wa mwaka huu huajiriwa kwa zaidi ya anavyolipwa aliyemtangulia.

Kariakoo yenyewe iliwahi kuwa na jibu lake. Miongoni mwa wafanyabiashara wa Kikinga waliotoka Makete, inajulikana desturi ya kumleta kijana wa ukoo dukani, akafanya kazi miaka kadhaa kwa kulala, kula na hela kidogo, kisha akapewa mtaji au mzigo wa kuanzia na kufungua fremu yake. Ujira ule mdogo ulikuwa na ahadi nyuma yake. Ukongwe ulilipwa, ila ulilipwa mwishoni. Shida inaanza pale mtu baki, asiye wa ukoo, anapolipwa kama kijana wa ukoo bila ahadi ya kijana wa ukoo. Miaka mingi ya posho ndogo, na mwisho wake hakuna fremu.

Je, sheria inasemaje? Katiba, ibara ya 23, inataka ujira ulingane na kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi wa jinsia, kabila, dini, umri, ulemavu na mengine, lakini muda wa kukaa kazini haumo kwenye orodha hiyo. Inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi, ukiwamo mshahara, tangu anapoanza. Palipo na chama cha wafanyakazi, kama TUICO kwa upande wa biashara na viwanda, mkataba wa hali bora unaweza kuweka nyongeza ya kila mwaka na pengo kati ya mgeni na mwenyeji. Duka lenye wauzaji watatu ni vigumu kufika huko, hasa wakiwa wamezoea kufichana mishahara.

Kwa sheria hiyo, ukongwe unahesabiwa waziwazi mwajiri anapomwachisha mtu kazi bila kosa la utovu wa nidhamu. Aliyetimiza mwaka mmoja hulipwa mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka aliomaliza, hadi miaka 10. Aliyekaa miaka 18 kwenye duka moja la Mtaa wa Aggrey anahesabiwa 10, kwa mshahara uleule aliopitwa. Na akiamua kuandika barua ya kuacha kazi mwenyewe, kwa uchungu wa kupitwa na mwanafunzi wake, malipo hayo hayapo.