Irabu Saba kwa Sikio la Irabu Tano: Kuunda Irabu za Juu za Kinyakyusa kwa Programu Huria ya Pure Data

Ikisiri

Kinyakyusa kina irabu saba, Kiswahili kina tano. Tofauti hii hutajwa katika sentensi moja ya utangulizi, kisha husahaulika mtafiti anapoanza kunukuu data. Makala haya yanafafanua namna ya kuunda irabu za juu za Kinyakyusa kwa Pure Data, programu huria ambayo mtumiaji huiandaa kwa kuunganisha visanduku kwa waya badala ya kuandika mistari ya maagizo, na namna ya kuzitumia kuzoeza sikio lililolelewa katika Kiswahili. Mifano inatokana na kazi ya uwandani ya mwandishi huko Masoko, wilayani Rungwe. Makala yanadai kwamba sauti iliyoundwa humwezesha mtafiti kubadili sifa moja ya irabu huku nyingine zote zikibaki palepale, jambo lisilowezekana kwa rekodi ya kawaida.

1.0 Utangulizi

Masoko ipo kusini-mashariki mwa Tukuyu, kando ya ziwa lililojaa katika kreta ya volkano. Nilikwenda huko kukusanya data za ngeli za nomino, na kosa ninalolieleza hapa ni langu mwenyewe. Katika daftari langu la kwanza, nomino za ngeli ya 9 na ya 10 ziliandikwa kwa umbo moja: imbwa kwa mbwa mmoja, imbwa kwa mbwa wengi. Pembeni niliandika kwa kujiamini kwamba umoja na wingi havitofautiani, kama ilivyo katika Kiswahili. Siku ya tatu nilimsomea mama mmoja mzungumzaji orodha yangu ili aihakiki. Alisikiliza hadi mwisho, akacheka, akaniambia kwamba mbwa wangu wote ni wengi. Hapakuwa na hata mmoja aliye peke yake.

Alikuwa sahihi. Katika tahajia inayotumia herufi saba za irabu, umoja ni ɨmbwa na wingi ni imbwa. Kiambishi tangulizi cha ngeli ya 9 kina irabu ya juu iliyolegea kidogo, na cha ngeli ya 10 kina irabu ya juu kabisa. Kwa kuwa Kinyakyusa, kama Kiswahili, hakina toni ya kileksika, hakuna kupanda wala kushuka kwa sauti kunakosaidia kutofautisha maneno hayo mawili. Neno linapotajwa peke yake, mzigo wote wa idadi umebebwa na ubora wa irabu moja. Ndani ya sentensi upatanisho wa kisarufi huokoa jahazi, lakini orodha ya msamiati haina upatanisho, na sehemu kubwa ya data zetu za ngeli hukusanywa kwa orodha.

Tangu wakati huo nimekutana na kosa hilohilo katika rasimu za wanafunzi wangu wa uzamili, tena mara nyingi likiwa limepewa hadhi ya hitimisho: kwamba ngeli za 9 na 10 hazina kialishi cha idadi. Kuwakemea hakusaidii. Mtu hawezi kunukuu asichokisikia.

2.0 Kiswahili kilipoteza nini

Mame-Bantu hukadiriwa kuwa na irabu saba, mbili kati yake zikiwa za juu kabisa, yaani *i na *u, na mbili zikiwa chini yake kidogo, *ɪ na *ʊ. Kiswahili kiliunganisha kila jozi kuwa irabu moja. Kabla ya muungano huo, irabu za juu kabisa zilikuwa zimeshageuza konsonanti zilizozitangulia kuwa vikwamizwa, na ndiyo sababu ngeli ya 8 ina vi- ilhali ngeli ya 7 ina ki-. Irabu zimekuwa sawa, lakini alama ya tofauti ya kale imebaki katika konsonanti. Kinyakyusa kimehifadhi vyote viwili: ɨkɨ- katika ngeli ya 7 na ifi- katika ngeli ya 8. Mswahili anayesikia jozi hii hapati taabu, kwa kuwa konsonanti k na f zinamwongoza. Hutambua idadi bila kuisikiliza irabu hata kidogo. Taabu huanza katika ngeli za 9 na 10, ambako konsonanti ni ileile.

3.0 Kwa nini sauti iliyoundwa

Programu ya Praat, iliyotungwa na Paul Boersma na David Weenink wa Amsterdam, imekuwa chombo cha kila siku cha wanafonetiki, nami ninaitumia. Praat hupima vizuri sana. Hata hivyo, mwanafunzi anayesoma namba kwenye skrini hujifunza kusoma namba. Tena, rekodi mbili za mzungumzaji mmoja hazitofautiani kwa irabu peke yake: mojawapo huwa ndefu zaidi, au ina nguvu zaidi, au imetamkwa kwa sauti ya juu zaidi. Mwanafunzi hushika tofauti isiyo ya msingi na kuamini kwamba ameshika irabu.

Pure Data ilibuniwa na Miller Puckette katika miaka ya 1990, baada ya kazi yake ya awali ya programu ya Max huko IRCAM, Paris. Ilikusudiwa wanamuziki. Kinachotufaa sisi ni kwamba sauti husikika papo hapo wakati kitelezi kinaposogezwa, kwamba programu hutolewa bure pamoja na msimbo wake, na kwamba huendeshwa bila shida na kompyuta mpakato kuukuu yenye mfumo wa Linux. Hoja hii ya mwisho si ndogo kwa idara zetu.

4.0 Kuunda irabu

Msingi wa kinadharia ni ule wa chanzo na kichujio uliofafanuliwa na Gunnar Fant (1960). Nyuzi sauti hutoa mlio wenye vijisauti vingi. Koo, kinywa na midomo hukuza baadhi na kufifisha vingine. Sehemu zinazokuzwa ndizo fomanti. Fomanti ya kwanza (F1) hupanda kadiri ulimi unavyoshuka. Ya pili (F2) hupanda kadiri ulimi unavyosogea mbele.

Katika Pure Data chanzo ni kisanduku kimoja, phasor~, kinachotoa wimbi la umbo la meno ya msumeno. Nishati ya wimbi hilo hupungua takriban desibeli 6 kwa kila oktava. Mlio wa nyuzi sauti hupungua takriban 12, lakini mtawanyiko wa sauti kwenye midomo hurudisha takriban 6, hivyo wimbi la msumeno linatosha bila nyongeza. Kutoka kwenye phasor~ nyaya tatu hushuka hadi visanduku vitatu vya bp~, kila kimoja kikiwa kichujio cha fomanti moja. Matokeo yao hujumlishwa, hupunguzwa kwa kisanduku cha *~ chenye thamani ya 0.1, kisha huingia katika dac~, ambacho ni mlango wa kuelekea spika. Upunguzaji huo usidharauliwe: dac~ hupokea thamani kati ya -1 na 1, na zinazozidi hukatwa, na wimbi lililokatwa huzaa vijisauti vipya vinavyoharibu irabu.

Kisanduku cha bp~ huhitaji namba mbili: masafa ya kati, na kiwango cha ukali ambacho ni masafa hayo yaliyogawanywa kwa upana. Kwa F1 ya 270 Hz yenye upana wa 60 Hz, ukali ni 4.5, kwa F2 ya 2,290 Hz yenye upana wa 100 Hz, ni karibu 23. Masafa yakisogezwa bila kubadili ukali, upana nao hubadilika, na hapo tunakuwa tumebadili sifa mbili kwa pamoja. Dawa yake ni kuongeza kisanduku cha kugawanya ili ukali ukokotolewe upya kila kitelezi kinaposogea.

Namba za kuanzia nilizichukua kwa Peterson na Barney (1952), waliopima irabu za Kiingereza cha Marekani. Kwa wanaume, wastani wa [i] ni 270 na 2,290 Hz, na wa [ɪ] ni 390 na 1,990 Hz. Namba hizi si za Kinyakyusa, na mwanafunzi asithubutu kuzinakili katika tasnifu kana kwamba ndizo. Ni ngazi ya kupandia tu. Uzuri wake ni kwamba njia kati ya irabu hizo mbili hugawanyika kirahisi katika hatua sita: F1 hupanda kwa 20 Hz na F2 hushuka kwa 50 Hz kila hatua, tukapata sauti saba kutoka 270/2,290 hadi 390/1,990. Fomanti ya tatu niliifunga kwenye 2,700 Hz isisogee.

Masafa ya phasor~ nayo yana siri yake. Chanzo cha 220 Hz, kinachofanana na sauti ya wanawake wengi, kina vijisauti katika 220, 440, 660 na kuendelea. Kilele cha 270 na kilele cha 390 vyote huangukia kati ya vijisauti viwili vilevile, na tofauti tunayoitafuta hufifia. Chanzo cha 100 Hz hutoa vijisauti vilivyosongamana zaidi. Ni bora pia kukiacha kishuke polepole kutoka 110 hadi 90 kwa kisanduku cha line~, ili vijisauti vipite juu ya kilele badala ya kusimama pembeni yake. Sauti huwa ya kibinadamu zaidi, ingawa haitamdanganya mtu yeyote kwamba ni ya mtu.

5.0 Mipangilio ya sauti, na kosa la pili

Irabu peke yake haina umoja wala wingi. Ili msikilizaji atoe hukumu, sauti iliyoundwa lazima ifuatwe na -mbwa, nayo nilikata kutoka katika rekodi ya mzungumzaji na kuicheza kwa tabplay~. Hapo nilikosea tena. Kinasa sauti changu kilikuwa kimerekodi kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, na Pure Data ilikuwa imepangwa kwa 44,100. Kisanduku cha tabplay~ hucheza sampuli moja baada ya nyingine bila kuuliza zilitoka wapi. Matokeo yake rekodi ilirefuka, milisekunde 500 zikawa 544, na masafa yote yakashuka kwa asilimia 8 hivi. Msikilizaji wangu wa kwanza alisema irabu ni ya mtu mmoja na mbwa ni wa mtu mwingine. Nilidhani anatania.

Kushuka huko kungenidhuru zaidi kama ningelikuwa nalinganisha irabu zilizorekodiwa na zilizoundwa: F1 ya 390 Hz husikika kama 358, ambayo katika ngazi yetu ni zaidi ya hatua moja na nusu kuelekea irabu ya juu. Kwa hiyo kabla ya jambo lolote, mtafiti afungue mipangilio ya sauti ya Pure Data na kuhakikisha kwamba kiwango cha sampuli ni kilekile cha rekodi zake. Katika Linux achague pia njia moja ya kupitishia sauti, iwe ALSA moja kwa moja au JACK, na abaki nayo katika kipindi chote. Ucheleweshaji wa sauti, unaowasumbua sana wanamuziki, hautuhusu. Unaweza kuongezwa bila hasara ili sauti isikatikekatike kwenye kompyuta dhaifu.

Spika za kompyuta mpakato ziepukwe. Nyingi hazina nguvu chini ya Hz mia mbili au tatu, ambako ndiko iliko F1 ya irabu za juu. Hedifoni za bei ya wastani zinatosha.

6.0 Matumizi katika kufundisha na uwandani

Darasani ninaanza na ncha mbili za ngazi, zikifuatana. Wanafunzi wengi waliokulia katika Kiswahili husikia i mara zote mbili, na baadhi husikia e katika ncha ya pili. Wanaosikia e wamepiga hatua, kwa kuwa wameshatambua kwamba sauti hiyo si i waliyoizoea. Ninawaongezea hapo [ɛ] ya 530 na 1,840 Hz, nao hugundua kwamba ile waliyoiita e ipo katikati. Baada ya hapo kitelezi hukabidhiwa mwanafunzi mwenyewe. Kusogeza kwa mkono na kusikia badiliko papo hapo hufanya kazi ambayo maelezo yangu ya ubaoni hayajawahi kuifanya.

Uwandani mambo hugeuka, na mwalimu huwa ni msikilizaji. Sauti saba huchezwa kwa mpangilio usiotabirika, kila moja ikifuatwa na -mbwa ileile, naye hujibu mmoja au wengi. Urefu, nguvu na mshuko wa sauti havibadiliki. Akibadili jibu, kilichombadilisha ni ubora wa irabu. Baadaye apewe kitelezi alinganishe mwenyewe hadi aridhike, na namba alizoziridhia ziandikwe. Namba hizo ndizo zinazostahili kuingia katika tasnifu, zikilinganishwa na vipimo vya Praat vya rekodi za mzungumzaji huyohuyo.

Njia hii ina mipaka. Irabu iliyo kabla ya m hupata unazali, nao haumo katika vichujio vitatu vya mfano huu. Wapo wasikilizaji wanaolalamika kwamba irabu imebandikwa, na wana haki. Irabu za nyuma, u na ʉ, ni ngumu zaidi. Kwa Peterson na Barney [u] ina 300 na 870 Hz, na [ʊ] ina 440 na 1,020 Hz; fomanti mbili zimekaribiana, na kosa dogo la upana huzichanganya kuwa kilele kimoja. Kwa jozi hiyo ninapunguza upana wa F2 hadi 70 Hz na kuigawa ngazi katika hatua ndogo zaidi, nane au tisa, ninapoanza na kikundi kipya cha wanafunzi. Daftari langu la kwanza huwa mezani siku hiyo, na orodha ya ngeli ya 9 hurudiwa yote upya.