Nyutoni au paundi? Namba isiyotaja kizio ni hatari

Fundi alinituma dukani kununua bomba la maji. "Lete nusu inchi, pisi mbili," aliniambia. Muuzaji akanitolea bomba lililochapwa ubavuni namba 20. Nilipohoji, akanijibu bila kuinua uso: "Hiyo ndiyo nusu inchi, kaka." Nyumbani nikalipima kwa rula. Upana wa nje ulikuwa milimita 20, na tundu la ndani kama milimita 13. Nusu inchi ni milimita 12.7. Kwa hiyo muuzaji hakunidanganya, wala fundi hakukosea. Mmoja alitaja tundu, mwingine alisoma upana wa nje, na bomba ni lilelile.

Bomba liliungwa na maji yakatoka, kwa kuwa fundi na muuzaji wameizoea lugha hiyo kwa miaka mingi. Kwenye mtambo unaotengenezwa na mamia ya watu walio katika miji tofauti, mazoea ya namna hiyo hayapo.

Tarehe 23 Septemba 1999, shirika la anga za juu la Marekani, NASA, lilipoteza chombo chake Mars Climate Orbiter kilipokuwa kinaingia kwenye mzingo wa Mirihi, baada ya safari ya zaidi ya miezi tisa. Kisa hiki husimuliwa kwa sentensi moja, kwamba watu walichanganya vipimo, kisha huachwa hapo. Ndani yake kuna mengi zaidi.

Chombo hicho kilikuwa na paneli za sola upande mmoja tu. Mwanga wa jua ulizisukuma kidogokidogo, nacho kikawa kinataka kujizungusha. Magurudumu yaliyokuwa ndani yake yaliumeza mzunguko huo, na yalipojaa, injini ndogo ziliwashwa ili kuyatuliza. Kila zilipowashwa, chombo kilisogezwa kidogo mno kutoka kwenye njia yake. Kampuni ya Lockheed Martin, iliyokitengeneza, ilikuwa na programu ya kukokotoa msukumo huo, nayo ilitoa majibu kwa paundi-sekunde. Waongozaji wa safari katika maabara ya JPL, California, waliyapokea kana kwamba ni nyutoni-sekunde. Paundi moja ya kani ni takriban nyutoni 4.45. Hivyo kila msukumo ulihesabiwa chini ya robo ya ukubwa wake halisi, na injini hizo zilikuwa zikiwashwa mara 10 hadi 14 zaidi ya walivyotarajia waongozaji.

Walikusudia chombo kipite kilomita 226 juu ya Mirihi. Hesabu zilizofanywa baadaye zilionyesha kuwa kilipita kilomita 57, ilhali chini ya kilomita 80 kisingeweza kuhimili hewa ya sayari hiyo.

Linaloniuma katika ripoti ya bodi ya uchunguzi ni kwamba waraka wa makubaliano kati ya pande hizo mbili ulikuwepo, nao ulitaka vipimo vya metriki. Kizio kilikuwa kimeandikwa. Kilibaki kwenye karatasi, huku faili likisafiri na namba tupu, na hakuna kilichozuia namba hiyo mlangoni na kuiuliza: wewe ni nyutoni au paundi?

Hapo ndipo uhandisi wa mifumo kwa kutumia modeli unapopata kazi. Badala ya mahitaji ya mtambo kutawanyika kwenye nyaraka, majedwali na barua pepe, yanawekwa ndani ya modeli moja ya kompyuta ambayo kila idara inaisoma. Lugha inayotumika sana kuunda modeli hizo ni SysML, ambayo toleo lake la kwanza rasmi lilitoka mwaka 2007. Humo unaweza kuipa kila namba aina yake na kizio chake: hii ni kani, kwa nyutoni, huu ni uzito, kwa kilogramu. Kisha namba zinaunganishwa kwa milinganyo, ili betri ikiongezwa uzito, jumla ya chombo kizima ibadilike papo hapo na mhandisi aone amebakiwa na nafasi kiasi gani kabla ya kufika kikomo. JPL walifuatilia uzito na umeme kwa njia hii walipokuwa wakibuni chombo cha Europa Clipper, kilichorushwa tarehe 14 Oktoba 2024.

Lakini modeli haiponyi uvivu wa kufikiri. Ukiandika ndani yake "mtambo uwe imara", umehamisha tu maneno matupu kutoka karatasini kwenda kwenye skrini. Kazi ngumu ni kuligeuza tamko hilo kuwa kigezo kinachopimika.

Chukua friji ya chanjo inayotumia sola, kama zile zilizoko kwenye zahanati zisizo na umeme wa gridi. Muuguzi anataka friji "itunze chanjo vizuri". Ni haki yake, lakini hakuna atakayeweza kulipima neno "vizuri". Shirika la Afya Duniani, WHO, limelivunja neno hilo vipande vipande: joto la ndani likae kati ya nyuzi 2 na 8 za selsiasi; kwa friji za maeneo ya joto kali, hali hiyo idumu hata nje kukiwa na nyuzi 43; na jua likikosekana, friji ijitegemee kwa siku zisizopungua 3. Sasa fundi wa maabara anajua aweke kipimajoto, apandishe joto la chumba hadi nyuzi ngapi, akate umeme, na asubiri kwa muda gani. Friji itafaulu au itashindwa, na hakuna ubishi.

Ndiyo maana nawaomba wanaoandaa mikataba ya visima, majengo na mitambo ya sola katika kata na vijiji vyetu: ukiletewa karatasi inayosema "tangi kubwa la kutosha", usiisaini. Irudishe iandikwe ni lita ngapi, kwa watu wangapi, kwa siku ngapi pampu ikiharibika, na nani atapima siku ya makabidhiano.